Mpiga filamu za misiba ambaye hakuuona uso wa mwanawe

Saa tatu asubuhi, kisiwani Lifuka, katika visiwa vya Haʻapai, bahari za kusini. Jua limeshakuwa kali, na kwaya iliyoimba tangu jana jioni imekaukwa na sauti. Kalolaine Moala, mwenye umri wa miaka 52, amepiga magoti kwenye kona ya sebule. Kiunoni amejifunga mkeka wa msiba uliochakaa, na begani ameweka kamera. Anamngoja mjukuu wa marehemu ainame kumbusu bibi yake.

Msichana anasita. Kalolaine hasogei. Mwishowe msichana anainama na kubusu lile paji la uso baridi. Hapo ndipo mpiga filamu anaposhusha pumzi.

Uani, kwenye moshi wa tanuri la ardhini, wapishi wanampokea kwa vicheko.

"Kalo, nitoe mwembamba!" anapaza sauti jirani yake mmoja, mama mnene aliyeshika kisu cha kumenyea viazi vikuu. "Watu wa Auckland wasije wakasema nguruwe wote nimekula mimi!"

"Kamera yenyewe ndogo, dada. Itabidi nikutoe vipande viwili."

Huu ni mwaka wa kumi na nne Kalolaine anafanya kazi hii. Hakuna nyumba hapa Haʻapai isiyo na mtu ng'ambo, na si kila aliye ng'ambo anayeweza kuwahi mazishi. Kwa msiba mmoja hulipwa paʻanga 350, fedha ya hapa. Asiyekuwa nazo humpa mkeka, au nguruwe mdogo. Watani wake wamempa jina la Jicho la Maiti, na wanasema ukimwona anakuja kwako na begi lake, kimbilia hospitali.

Lakini Mzee Taniela wa kijiji cha Holopeka hamtanii. Alipofiwa na mkewe hakutoa hata chozi.

"Ningelia saa ngapi?" anauliza. "Wageni mia mbili wapo uani, kuni zimelowa, mchungaji anataka kiti. Nimekuja kulia wiki ya sita, mbele ya televisheni, nilipomwona amelala, amevalishwa vizuri. Nikasema, kumbe kweli amekwenda. Bila ile filamu mpaka leo ningekuwa namwita aje ale."

Kalolaine amezisikia shukrani za namna hiyo mara nyingi. Sasa zinamkera, naye hafichi.

"Wananiambia, Kalo, umenipa uso wa mama yangu. Kalo, umenipa uso wa mume wangu," anasema huku akifuta kioo cha kamera kwa upindo wa sketi. "Naitikia, ndiyo, asante. Wangu mimi kanipa nani?"

Mwanawe wa pekee, Sitaleki, alikwenda Australia kuchuma zabibu akiwa na miaka 23. Mwaka 2021 gari lililokuwa likiwarudisha wachumaji kutoka shambani lilipinduka. Wengine walivunjika mikono na miguu. Yeye alikufa palepale.

Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Maiti isingeweza kuja, wala mama asingeweza kwenda. Sitaleki akazikwa hukohuko, na rafiki yake, Lisiate, mchumaji mwenzake, akaombwa apige filamu kwa simu.

Filamu hiyo ina dakika kumi na moja. Kalolaine anaijua yote kwa moyo. Kuna mgongo wa mchungaji. Kuna nyasi, viatu vya watu, wingu, kisha vidole vya Lisiate vimeziba kioo. Kuna jeneza, nalo limeshafungwa.

"Hata kuku wangu angepiga vizuri zaidi," anasema, bila kucheka.

Kwa miaka mitatu alijipa moyo kwamba kijana wa watu hakujua kazi. Kisha, Juni mwaka huu, Lisiate akarudi likizo na kufika nyumbani kwake na mkungu wa ndizi. Kalolaine hakumwambia akae.

"Mwanangu, ilikuwaje ukapiga viatu ukaacha uso?"

Lisiate aliinamisha kichwa. "Niliupiga, mama."

"Uko wapi?"

"Niliufuta. Kabla sijakutumia. Alikuwa ameumia sana, mama, hapa na hapa. Nilikustahi."

"Ulinistahi? Mimi niliyemnyonya pua alipokuwa na mafua? Wewe nani unichagulie cha kuona?"

Kijana alilia. Yeye hakumbembeleza. Ndizi zile, anasema, aliwapa nguruwe.

Hata hivyo, neno moja lilimkaa kooni: nilikustahi. Aliwahi kulisema yeye mwenyewe. Miaka mingi nyuma, mjane mmoja wa mjini Pangai, hapahapa kisiwani, alimwangukia mumewe jenezani na kupiga kelele mpaka akashikwa na watu wanne. Kalolaine aliona si vizuri, akakikata kile kipande. Baadaye mjane akamfuata sokoni: "Kilio changu umekipeleka wapi?"

"Nikamwambia, dada, nilikustahi," anasema Kalolaine. "Nikajiona mtu mwema kweli. Na nilikwisha kukifuta, kama yule kijana."

Mwezi Julai alikwenda kwa yule mjane kuomba radhi. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akasema hamsamehi. Kalolaine aliinywa chai, akaondoka. Anasema hata yeye asingesamehe.

Tangu siku hiyo hakati kitu. Familia hupewa filamu nzima, yenye mayowe, makamasi na nzi. Wateja wanne wamelalamika, na mmoja amehamia kwa mpiga picha wa harusi.

Lisiate anarudi shambani mwezi ujao. Wiki iliyopita Kalolaine alimwita tena, akampa kamera yake ya pili na sharti moja: aende kaburini kwa Sitaleki, akae saa nzima, asiseme neno, asifute hata sekunde.

Filamu ikifika, anataka kufanya msiba ambao hakuufanya. Atatandika mikeka yote aliyolipwa, aite kwaya, kisha aweke televisheni katikati ya sebule. Wifi yake, Pisila, ambaye ndiye shangazi wa marehemu na kwa mila ya hapa ndiye mwenye haki ya kukaa kichwani pa maiti, atakaa ubavuni mwa kioo.

Mumewe, Feʻao, mkulima wa viazi vikuu, hataki. "Mke wangu, watu watatucheka. Nani anayelilia televisheni?"

"Wacheke," anamjibu, akiwa ameshaanza kupima kwa hatua sehemu ya kwaya. "Wakichoka kucheka, wataimba."