Kirusi cha Mchangani Kibirizi

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Kasingirima kabla simu hazijaanza kujibu kila swali, mtoto aliyeuliza "kwa nini" mara mbili alitumwa dukani. Mimi nilitumwa sana. Sisemi enzi zile zilikuwa bora. Samaki migebuka wa mawese na ugali wa muhogo walikuwa watamu, lakini na viboko vilikuwepo. Nasema tu kwamba Kirusi nilikianzia mchangani Kibirizi, kando ya ziwa, mikono ikinuka dagaa, nikiwa bado na umri wa kucheza rede.

Mwalimu wangu alikuwa baba mdogo Sadoki, fundi wa meli aliyesomea Urusi ujanani na kuacha huko binti, Katya. Siku moja zikaja habari kwamba Katya anakuja likizo kumwona bibi kwa mara ya kwanza. Bibi alijua Kiha na Kiswahili, Katya alijua Kirusi, na baba mdogo wiki hiyo angekuwa safarini ziwani. Bibi alitaka jambo moja tu: aende na mjukuu wake Ilagala, kwenye kaburi la babu, akamtambulishe.

"Huyu mwenye maswali ndiye atakayenisemea," akasema, akininyooshea kidole.

Basi tukaanza. Tukianika dagaa, baba mdogo alinifundisha kwa mikono. Yeye akinipa ndoo, "mimi" yake ya Kirusi ilikuwa "ya". Nikimpa yeye, ikawa "mnye". Nikimwona, "menya". Tukibeba beseni pamoja, "so mnoi", yaani nami. Nikagoma.

"Mtu ni yuleyule! Kwa nini abadilike kila akiguswa?"

"We mtoto, unasema nipe, unasema kwangu, unasema nami. Mbona hao hujawahi kuwalalamikia?"

"Hao nilizaliwa nikawakuta."

"Na hawa Warusi waliwakuta. Anika, kunguru hao!"

Nikaamua kwamba hicho Kirusi hakitanishinda. Nikakisema nikichota maji, nikakisema nikikwepa mpira wa rede, mpaka wenzangu wakaniita Mrusi wa Mawese.

Katya akafika, msichana mrefu, pua imeiva kwa jua. Bibi akamsalimia kwa desturi ya Waha, akipiga makofi taratibu: "Mwakeye, mwakeye." Katya akadhani anashangiliwa, akainama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo. Nyumba nzima ikaangua kicheko, bibi akiwamo.

Kesho yake bibi alijifunga kitenge cha safari. "Haya, mwambie twende."

Nikasema "twende nami", so mnoi, safi kabisa. Katya akafurahi, akanishika mkono, tukatoka sisi wawili. Bibi akabaki mlangoni na kikapu chake.

"Mbona ananiacha?" akauliza, sauti imepungua. "Hataki kwenda na mimi?"

Sikujua kusema "naye". Mchangani tulikuwa wawili tu, hatukuhitaji mtu wa tatu. Na boti ya Ilagala haikuwa na tabia ya kungoja. Nikarudi mbio, nikasimama nyuma ya bibi, nikaunyanyua mkono wake nikaunyoosha mbele, nikasema tena, safari hii nikiigiza sauti yake nzito ya kikohozi: so mnoi. Katya akanitazama mimi, akamtazama bibi. Kisha akaja, akaushika ule mkono, na kikapu akakibeba yeye.

Kaburini bibi aliongea sana, akimweleza babu kaja nani, na katoka mbali kiasi gani. Katya akaniuliza anasema nini. Nikampa nilichokuwa nacho: "Yeye... wewe... babu... furaha." Akaitikia kwa kichwa kana kwamba imetosha. Haikutosha.

Sasa bibi naye amelala Ilagala. Binti wa kaka yangu, anayeuliza simu hata kama nje kuna mvua, hunicheka nikikariri Kirusi jikoni. "Shangazi, si uiambie tu simu itafsiri?" Namwambia simu haikuwepo kaburini, haikumsikia bibi, haijui aliposita ili apumue. Zamani nilikuwa na bibi, maneno sina. Leo maneno yanaongezeka kila wiki, na bibi hayupo. Lakini aliyoyasema ninayo kichwani, na Katya ameandika kwamba atakuja tena. Safari hii akiuliza, nitamjibu mpaka mwisho.