Mwalimu wa Kuogelea Asiyewahi Kulowa

Mwalimu Tupokigwe alifundisha kuogelea kwa miaka ishirini na tisa bila kulowa hata kifundo cha mguu.

Msimcheke kwanza. Shule aliyofundisha, kule Buguruni, ilikuwa na bomba moja la maji, na lenyewe lilitoa maji siku lilipojisikia. Bwawa la kuogelea lingetoka wapi? Lakini somo la michezo lilikuwa na sura nzima ya kuogelea, na mtihani haukuwa na huruma: taja mitindo minne, eleza hatua za kuelea. Mwalimu mwingine angeandika majibu ubaoni, watoto wakanakili, kengele ikalia, basi. Tupokigwe hakuwa wa namna hiyo. Kwake yeye mtoto hatoki darasani na neno ambalo mwili wake haujalionja.

Kwa hiyo siku ya kuogelea aliwaamuru wavue viatu na walale kifudifudi juu ya mabenchi, vichwa vielekee ubaoni. Watoto tisini. Waliokosa benchi walilala juu ya meza, na waliokosa meza walilala sakafuni wakisubiri zamu. Mikono ikapiga hewa, miguu ikapiga hewa, naye akapita katikati yao na rula, akigusa goti lililopinda, akigusa shingo iliyokakamaa. Kitabu kilisema mwogeleaji ageuze uso pembeni avute pumzi. Hakikusema pembeni ipi. Sasa darasa la watoto tisini joto lake mnalijua, na hewa ilikuwa ikiingia kwa madirisha ya kushoto tu. Akawaambia wavute pumzi upande wa dirishani. Moja, mbili, dirishani. Moja, mbili, dirishani.

Kisha aliwageuza chali kwa ajili ya kuelea. Jaza kifua, alisema. Legeza shingo. Maji hayana ugomvi na wewe, ni wewe unayegombana nayo. Nusu ya maneno hayo yalitoka kitabuni, nusu alitia chumvi yake mwenyewe.

Siku moja, katikati ya kipindi, msichana mmoja mwembamba aitwaye Yasmini aliinua kichwa kutoka kwenye benchi akauliza kama Mwalimu naye anajua. Darasa zima, limelala kwa tumbo, likamkodolea macho. Tupokigwe alizaliwa Kyela, ziwa analiona kutoka uani kwao, lakini mama yake alikuwa mtu wa kukagua nywele: mtoto akirudi na nywele mbichi, fimbo. Ziwa alilijua kwa macho tu. Angeweza kusema hivyo. Badala yake akasema, "Mie nimekulia ziwani, mwanangu. Unauliza samaki kama anajua maji?"

Darasa likacheka, kipindi kikaendelea, na jina la Mwalimu Samaki likamganda mpaka siku anastaafu.

Alistaafu akahamia nyumba yake ya Kinyerezi, aliyoijenga chumba baada ya chumba. Huko, akiwa amekaa anachambua mchele, swali lilikuwa likimjia bila hodi. Uongo ule mdogo ulimsumbua, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Je, yale aliyowafundisha yalikuwa kweli? Ni maelfu ya watoto aliowaambia kwamba maji yatawabeba. Alijuaje? Na Dar ni mji wa maji: bahari mbele, mito na mafuriko nyuma. Je, kama yuko mmoja aliyeamini, akajaza kifua, akalegeza shingo, akaenda chini?

Hilo hakumwambia mtu.

Sasa mwaka jana wanafunzi wake waliomaliza darasa la saba mwaka tisini na tisa walikusanyana kwenye grupu la simu. Waliolivalia njuga jambo la kumkumbuka Mwalimu walikuwa wawili. Mmoja ni Gibson, fundi kwenye mitambo ya umeme hapohapo Kinyerezi, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole. Wa pili ni yuleyule Yasmini, siku hizi mama wa watoto watatu, ana saluni Mbagala na maneno yake hayapozwi. Walimjia nyumbani, wakamwamkia, wakanywa chai, ndipo Gibson akatoa la moyoni. Wameamua kumpa zawadi. Kitenge anacho, kuku anao, wakawaza, samaki umpe nini? Wanampeleka kwenye chemchemi ya maji moto upande wa Rufiji, akaogelee nao.

Mwalimu aliuliza kuku wake watabaki na nani. Yasmini akajibu kwamba mdogo wake atakuja kulala na kuku. Mwalimu akasema kuna mazoezi ya kwaya. Gibson alishaongea na mwenyekiti wa kwaya. Ikabidi acheke na kukubali, na chai ikampalia.

Basi Jumamosi moja wakashika njia ya kusini, watu kumi na wanne kwenye Koasta ya kukodi, wakaipita Mkuranga, wakaipita Kibiti, wakaingia barabara ya vumbi, na jua lilipokuwa limepanda kiasi wakateremka kwa miguu kwenye kijito. Mwenyeji wao alikuwa Suleiman, kijana wa pale mwenye kofia ya kufuma na mayai kwenye kikapu.

Tupokigwe alisikia harufu kabla ya kuona, harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Kisha mikindu ikaachana, akaona moshi mweupe ukitoka ardhini bila moto. Alisimama. Pale juu, kwenye mwamba, palikuwa na tundu lisilozidi mdomo wa sufuria, na ndani yake maji yalichemka, yenyewe, hakuna kuni, hakuna aliyekoka. Suleiman alitumbukiza mayai. Akamwambia kwamba babu wa babu yake aliyakuta yanachemka hivihivi, usiku na mchana, masika na kiangazi, hayajawahi kupumzika hata siku ya Idi.

"Nani anachochea?" Mwalimu aliuliza, polepole, kama anauliza kanisani.

"Aa, mama, hilo hata sie tunauliza."

Maji hayo yalishuka ngazi kwa ngazi, yakakutana na kijito cha baridi, yakatulia kwenye bwawa pana chini ya mikindu, yakiwa vuguvugu la kuogeshea mtoto. Ndilo bwawa la kuogelea. Rangi yake Tupokigwe hakuwa na jina lake, maana ilikuwa kijani ukiitazama kwa mbali na buluu ukiinama. Kina chake kilimpita Gibson kwa urefu, lakini chini kulionekana kama kupo mkononi: mchanga mweupe, na katikati ya mchanga mahali panapohema. Jicho jingine la chemchemi, Suleiman alisema. Mchanga uliinuka, ukafunguka, ukashuka, na mapovu madogo yakapanda kwa mstari mmoja mpaka juu.

Mwenyeji akatoa masharti. Mwenye presha asiingie, aloweke miguu tu. Nusu saa inatosha, joto linalegeza mwili. Na mamba wasiwatie hofu, mamba wa huku hawapendi supu. Watu wakacheka, wakaanza kujitosa.

Baadhi yao walibaki ukingoni wakirushiana maji. Wanane waliojua kuogelea walijipanga upande mmoja wa bwawa, Gibson na Yasmini wakiwa katikati, na Yasmini amejifunga mtandio kichwani na kuvaa dera juu ya suruali. Walimwomba Mwalimu ahesabu. Akahesabu. Wakaenda.

Na hapo, ndugu zangu, Tupokigwe aliona jambo ambalo hakutegemea kuliona katika maisha yake. Vichwa vinane viligeuka kushoto. Mikono ikapiga mara mbili, vichwa vinane vikageuka kushoto. Wakati wa kwenda nyuso zote zilimtazama yeye ukingoni, na wakati wa kurudi nyuso zote zilitazama mikindu ya ng'ambo. Hakuna hata mmoja aliyegeukia kulia. Watu wa miaka thelathini na nane, mafundi, wasusi, makarani, kila mmoja alikuja kuogelea kweli mahali pake na kwa wakati wake, na wote walikuwa bado wanatafuta hewa ya dirisha la Buguruni.

Alishika mti aliokuwa karibu nao. Kumbe neno la mwalimu linakaa mwilini namna ile, miaka yote ile, mwenye mwili hata hajui kama amelibeba. Aliona fahari, kisha fahari ikageuka kuwa kitu kizito. Kama kosa lake la dirisha wamelibeba hivi, na makosa mengine je?

Walipofika ukingoni wakahema, wakacheka, na Gibson akapaza sauti kwamba sasa ni zamu ya Samaki mwenyewe. Wote wakapiga makofi. Tupokigwe alisimama na kanga yake kiunoni, na ni Yasmini aliyeuona uso wake. Yasmini, kwa huruma, akamtafutia mlango wa kutokea. Akawaambia wenzake wamwache Mwalimu, wazee hawa wana presha, hamkumsikia mwenyeji?

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angetikisa kichwa tu, angekaa juu ya jiwe akala yai lake, wakarudi mjini salama.

"Sina presha," Mwalimu alisema. "Sijui kuogelea."

Wengine walicheka wakidhani utani. Gibson hakucheka.

"Sijawahi kuingia majini. Yote niliyowafundisha ni ya kitabuni."

Yasmini alifuta maji usoni, akamtazama. Binti zake watatu wote aliwafundisha kuelea juu ya kitanda kabla ya kuwapeleka baharini, neno kwa neno kama alivyofundishwa yeye.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, ulitudanganya."

"Niliwadanganya siku moja. Hiyo miaka mingine nilinyamaza."

"Afadhali ungenyamaza siku ile ukasema miaka mingine," Yasmini alisema, na haikuwa utani.

Tupokigwe alipokea. Kisha, kwa kuwa aibu ilikwisha kumwagika na hakuna tena cha kuficha, akamgeukia Gibson akamuuliza lile lililomkosesha raha: kama maneno yale ni kweli.

Gibson akaeleza polepole kwamba mwaka wa mafuriko, bonde lilipojaa, maji yalimzoa mlangoni kwake alfajiri, na hakuwa amewahi kuogelea hata siku moja. Kilichomjia kichwani ni rula ikimgusa shingo. Akalegeza. Maji yakampeleka mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya watu, akashika. Alidhani Mwalimu anajua habari hiyo. Alidhani ndiyo sababu wamekuja.

"Lakini nikikuambia ni kweli, utakuwa umeisikia tu tena, mwili haujaionja," alisema. "Shuka, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama Yasmini. Yasmini alikuwa bado amenuna, lakini alishaunyoosha mkono. "Vua miwani," alisema.

Akashuka. Maji yalimpanda magotini, kiunoni, kifuani, ya moto kiasi cha kumfanya asijue ngozi yake inaishia wapi. Yasmini akampitishia kiganja chini ya kisogo, akamlaza.

"Jaza kifua. Shingo, Mwalimu. Umeikaza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Unagombana nayo."

Watu kumi na watatu walimkazia macho kama wasimamizi wa mtihani. Tupokigwe alifumba macho, akawaza mbavu zake, akawaza uzito wake wa kilo themanini na ushee, akayaachia maji shingo. Masikio yakazama. Na miguu yake, yenyewe, bila kuamriwa, ikainuka kutoka chini kama inavutwa na uzi. Alifumbua macho. Juu kulikuwa na mbingu na ncha za mikindu. Alisubiri kiganja cha Yasmini kimchoke. Baada ya muda akamwona Yasmini amesimama kando, mikono yote miwili kiunoni.

Ilikuwa kweli. Kila neno. Machozi yalimtoka yakateremkia masikioni, yakachanganyika na maji mengine.

Na kulikuwa na lingine ambalo kitabu hakikulisema: huku chini kulikuwa na sauti. Kitu kilikuwa kinanguruma mbali sana, chini ya mchanga, kama mawe ya kusagia yanayozunguka kwenye nyumba ya jirani. Alisimama, akawaambia. Wote wakazamisha masikio, hata Gibson, hata waoga wa ukingoni.

Kisha akataka kwenda kulishika lile jicho. Gibson alimshika mkono wakazama, lakini hawakufika hata nusu, Mwalimu akarushwa juu kama kizibo. Mara ya pili vilevile. Yasmini akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile neno la samaki lifumuliwe. "Mwalimu, ulitufundisha kutozama tu. Kuzama hukutufundisha."

"Mwaga pumzi," Gibson akamwelekeza. "Yote."

Akaimwaga. Akaenda chini, mapovu yake yakipishana na mapovu ya chemchemi, mpaka kiganja chake kikatua juu ya mchanga. Ulikuwa moto. Ulimsukuma mkono, ukalegea, ukamsukuma tena, na ile ngurumo sasa ilikuwa ndani ya mifupa yake, na hakuwa na swali hata moja.

Nusu saa ilipita, ikapita na robo nyingine. Suleiman alikuja na mayai yaliyoiva, akanong'ona kwamba muda umetimia. Mmoja mmoja walitoka, wakajifuta, wakavaa, wakasimama ukingoni wakila mayai na chumvi. Katikati ya bwawa Mwalimu Tupokigwe alikuwa chali, macho wazi, kanga imetanda majini ubavuni kwake, akisikiliza. Gibson alimtazama Yasmini, Yasmini akawatazama wengine. Wote walikuwa watu wazima, na hakuna aliyethubutu kumwambia Mwalimu kwamba kipindi kimekwisha.