Macho ya Mama Mwenyekiti

Shule niliacha darasa la nne. Mwalimu alikuwa na mkono mzito na mimi nilikuwa na miguu myepesi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza ile kompyuta ilikuwa ya aina gani. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya meno, ikinguruma kama friji ya bucha. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa mpiga picha wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, mambo ya filamu na kungoja. Halafu kanisa letu likapewa na wageni kamera isiyotaka filamu. Unaisukumia disketi tumboni, picha zinakaa humo. Mchungaji akanikabidhi mimi kwa kuwa ndimi mshirika pekee aliyekuwa na mkoba wa kamera. Ujuzi hakuuliza.

Kwaya ilikuwa imerekodi kaseti na ikataka picha ya kava. Shida ilikuwa mama mwenyekiti wa kwaya. Mama huyo alikuwa hawezi kufungua macho mbele ya kamera. Kitambulisho, amefumba. Picha ya harusi, amefumba, na mumewe pembeni ametulia kama anayengoja zamu kwa kinyozi.

Mtu wa kwingine atasema, si kitu. Lakini sisi wengi wa kanisa lile tulitoka magharibi mwa Kenya, na kwetu mazishi bila mpiga picha hayajawa mazishi. Jeneza linafunguliwa, ukoo unajipanga nyuma yake, marehemu anapigwa picha amelala, macho yamefumbwa. Kwa wazee wa kule, picha ya mtu aliyefumba macho ina maana moja tu. Krismasi moja Mama Mwenyekiti alimtumia mama yake mzazi picha. Bibi kizee aliitazama, akatupa leso chini, akaanza kulia hadi majirani wakaja na viti. Mjomba wake akapanda basi hadi Nairobi kuuliza maiti iko wapi. Mlango ukafunguliwa na marehemu mwenyewe, ameshika mwiko.

"Hii kaseti lazima ifike kwa mama," Mama Mwenyekiti akaniambia. Wote waliniita Picha. "Na sasa ana presha, Picha. Akinililia tena, atakufa kweli, na utakayekuwa umemuua ni wewe."

Jumamosi nikawapanga nje ya kanisa, nikapiga mpaka disketi ikajaa. Amefumba zote.

Nikaenda mtaa wa Baba Dogo kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa kanjo, baraza la jiji, kabla ya kupunguzwa kazini. Alikuwa na kompyuta kwenye chumba cha mbele, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Akaniambia ana programu mbili za kutengeneza picha, nichague.

"Hii ya kwanza inajua kila kitu. Unabonyeza mara moja, imemaliza."

"Na ya pili?"

"Ya pili haijui kitu. Inakuletea picha mbichi vile ilivyo, kila jambo uiambie wewe. Ya kwanza ni ugali wa hoteli. Ya pili ni unga, sufuria na mwiko, ujipikie."

"Naweza kuonja kabla sijachagua?"

"Onja, mzee. Stima ikiwa bado ipo."

Akabonyeza ya kwanza. Joho zetu za maruni, ule wekundu uliokolea, zikawa rangi ya soda ya machungwa. Nyuso zikapauka, kwaya nzima ikawa kama imetoka kupakua magunia ya unga.

"Hii haijawahi kuona mtu mweusi," nikasema.

"Imemwona," akasema karani. "Imedhani ni kosa, ikasahihisha."

Tukajaribu ya pili. Ilifunguka polepole, tukamaliza chai. Lakini ilikuwa inasikia. Ukiiambia mwanga usoni kidogo, inaweka kidogo, joho inaiacha. Maruni ikabaki maruni. Hata kovu la mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, la kuanguka na baiskeli, likaonekana vizuri. Nikachagua hiyo, nikajisikia kama mtu aliyejichagulia mke. Wangu nilichaguliwa na shangazi, na sina malalamiko, ila nataka ieleweke.

"Sasa ifungue macho ya mama," nikamwambia.

"Picha, macho hayamo. Itafungua nini? Labda tuazime ya mtu."

Tukatafuta. Sauti ya kwanza wote walikuwa wanaangalia moshi wa mama wa mahindi ng'ambo ya barabara. Aliyeitazama kamera sawasawa alikuwa besi mmoja nyuma ya Mama Mwenyekiti, mumewe. Nikasema ni mwili mmoja, hata Biblia imesema. Tukayakata macho yake, tukayabandika, tukalainisha kingo. Nikatoka Baba Dogo nikipiga mluzi.

Jumapili baada ya ibada nikampa Mama Mwenyekiti karatasi yenye picha. Aliishika mbali, kisha karibu.

"Haya macho ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Yangu? Haya macho nimekaa nayo mezani miaka ishirini yakiangalia paja la kuku!"

Mumewe akachungulia begani. "Kumbe yananipendeza zaidi hapo," akasema, akasukumwa.

Lakini aliketi kwenye benchi, karatasi mapajani, na nikaona hachezi. "Mama atayajua," akasema. "Atauliza mkwe ameingiaje usoni mwangu."

Nilikuwa nimekwama, na mtu aliyekwama huropoka. Nikasema basi kwaya yote ifumbe macho, tujifanye tunaomba, tuandike chini "Maombi". Akiwa amefumba na wenzake, mama yake ataelewa.

"Ataelewa kwamba mmekufa wote," mumewe akasema.

Hakukuwa na wazo lingine, na kava ilitakiwa kwa mpiga chapa kesho yake. Wakajipanga. Nikasema, "Tuombe." Wakafumba. Nikabonyeza.

Sasa sikia. Mama yule alikuwa mwenyekiti kweli kweli. Asingeweza kuacha kwaya yake iambiwe jambo bila kukagua kama imelifanya. Alifungua macho kuwakagua kwa pembeni, kisha akanigeukia mimi, mkavu kabisa, kamera ameisahau, kuona nangoja nini. Hapo ndipo kidole changu kilipobonyeza. Kwa karani tuliongeza mwanga kidogo tu.

Kava ikatoka hivyo: watu wote wamefumba, mama mmoja katikati amekodoa macho.

Yeye mwenyewe aliipeleka nyumbani kwao, kwa mama yake. Aliporudi nilimngoja pale kwa kituo cha basi, moyo juu.

"Mama anasemaje?"

"Alifurahi, Picha. Aliibusu. Akasema, mtoto wangu yuko hai."

"Bwana asifiwe!"

"Ngoja. Halafu akamwona mume wangu hapo nyuma. Akatupa leso chini."