Abee Kwenye Matete

Bibi niliyekuwa nikimhudumia Campbelltown, huku ughaibuni, alibakiwa na macho ya kuona mwanga tu, lakini daftari lake la kuhesabia ndege hakuliacha. Macho yake nilikuwa mimi. Jumamosi ile ya mwanzo wa Septemba, ambao huku ndio mwisho wa baridi, ilikuwa yetu ya mwisho ziwani, maana Jumatatu alikuwa anahamia nyumba ya wazee. Alitaka kitu kimoja tu: ndege adimu wa matete, ambaye yeye na marehemu mumewe walimsikia pale mara moja, zamani sana.

"Kumwona ni bahati," aliniambia. "Baridi ikianza kulegea, hulia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa."

Nilikunja uso. Mimi ni Mtanga, na kitu kinachosikika bila kuonekana sina hamu nacho.

Nikamketisha kwenye kiti cha kukunja, nikaanza kumtajia: mabata maji weusi wanne, kukuziwa wengi mno, bata mmoja mwenye mdomo kama mwiko. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Halafu ndege wote wakanyamaza kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia.

Sauti ikatoka kwenye matete, nzito, ya kuvuta. Naapa nilisikia jina langu la nyumbani, vilevile alivyoliita mama yangu, ambaye mazishi yake niliyatazama kwenye simu, nimekaa chumba cha chai kazini.

"Abee!" nikaitika.

Mdomo ulinitangulia. Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika hivyo. Lakini mama huyohuyo alitukataza kumwitikia mtu tusiyemwona. Ukimwitikia, alisema, umekubali kwenda naye.

Matete yakatikisika. Akainuka ndege mkubwa wa kahawia, miguu inaning'inia, akapotelea kwenye ukungu. Nilimweleza bibi, naye akalia kwa furaha. Nikaandika daftarini: mmoja.

"Ulikuwa unamjibu nani?" akauliza.

"Mama yangu. Ameshafariki."

Nilidhani atanicheka. "Mimi humsikia mume wangu," akasema taratibu. "Sijawahi kujua nimjibu vipi. Nifundishe hilo neno."

Ningeweza kukataa. Lakini machozi yalikuwa bado yanamtoka, nami mbele ya machozi sina ubavu. Nikamfundisha neno. Ile habari ya kukubali kwenda sikumwambia.

Bibi akageukia maji. "Abee," akasema.

Kwenye matete, ambako ndege alikuwa ameshaondoka, sauti ikalia tena. Hatukubadilisha kitu daftarini. Nilikusanya kiti na darubini, nikamshika mkono, tukaenda kwenye gari haraka kuliko miguu yake ilivyotaka.

Majuma mawili baadaye nilikwenda kumtembelea. Mfanyakazi wa pale, dada Mkongomani, alinipokea mlangoni akicheka.

"Dada, ule mama yako anaona nyuki! Kila asubui, a bee, a bee! Tumefunga madirisha yote, nyuki hakuna. Docteur ameandika kichwa yake imechoka."

Sikucheka. Nilikwenda chumbani mbio, nimwambie ukweli wote, nimwombe asiitike tena. Nilimkuta ameketi akielekea dirishani, ameshavaa koti na viatu, mkoba uko mapajani.