Kikohozi cha Gofuni

Enzi zetu pale Chundwa, mtoto akipata shurua alifungiwa chumba cha ndani, matawi ya mwarobaini yakaning'inizwa mlangoni. Jirani akipiga hodi alijibiwa, "Kuna mtoto hawezi!" naye akarudi zake. Siku hizi kijana akipiga chafya anajipiga picha kwanza, ulimwengu mzima ujue.

Nilipougua mimi, nilichoshwa na uji. Na kila Alhamisi mchana bibi yangu alipeleka sahani ya kaimati kwenye gofu la nyuma ya nyumba yetu. Ilikuwa ya mgeni. Jina lake hatukulitaja, na hakuna aliyewahi kumwona. Ila jioni tuliikuta sahani tupu, imegeuzwa kifudifudi. Paka gani huyo wa kugeuza sahani?

Alhamisi ile, bibi alipojilaza baada ya adhuhuri, nikatoka na upele wangu uso mzima. Nikala kaimati mbili. Ya tatu nimeiuma tu, nikasikia hatua, nikairudisha sahanini na kukimbilia kitandani. Jioni sahani ilikuwa tupu, imegeuzwa.

Wiki iliyofuata, jua la utosi, kijiji kimya, kikohozi kikatoka gofuni. Hakikuwa cha mtu wala cha mbuzi. Kilikuwa kikavu, kirefu, kama cha mtu anayejifunza kukohoa. Bibi alisimama na sahani mkononi, akanitazama.

"Ulikula chakula chake?"

Nikainua vidole viwili, kisha cha tatu nikakikunja nusu.

"Ole wangu! Sisi shurua ni yetu, ya nti hii. Yule si wa hapa, mwanangu. Ataponaje?"

Sahani ile ilikaa siku tatu bila kuguswa. Bibi hakunipiga, na afadhali angenipiga.

Sasa naishi Amu mjini. Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba vyombo vya kwenda sayari nyingine husafishwa kwanza, visipeleke vijidudu vyetu kwa viumbe wa huko, kama wapo.

"Na wakiambukizwa, watakufa?" nikamuuliza.

"Huenda wasiambukizwe kabisa, mama. Vijidudu vyetu vimezoea miili ya huku. Hakuna anayejua." Akacheka. "Wanawaogopea watu wasiokuwapo!"

Mimi sikucheka. Nilitaka aniambie haiwezekani waambukizwe.

Zamani tulikuwa na mgeni. Leo tuna chanjo, tuna simu, tuna taa mpaka gofuni. Kila nikienda Chundwa nanawa mikono kwa sabuni mara tatu, nakaanga kaimati, napeleka. Jioni naikuta sahani vilevile nilivyoiweka, imejaa sisimizi.