Kamati ya Harusi Yangu

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilikubali kuwa bibi harusi wa bandia kwa ajili ya demokrasia. Nimelisema hilo kwenye semina, kwenye kipaza sauti, na watu wakaandika. Si kweli. Nilikubali kwa sababu ya fundi wa redio kutoka Kawangware aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akijitahidi kutafuna chapati ya shangazi yangu bila kuonyesha kwamba ni ngumu.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi, na bado hungeweza kukusanya watu bila kibali cha chifu. Chifu wetu wa Kibera aliwapa kibali waliotaka kuisifu serikali. Lakini harusi na matanga hakuthubutu kuzuia. Matanga yanahitaji maiti, na hakuna aliyejitolea. Ndipo shangazi, kiongozi wa kina mama wa Soweto, mtaa wetu pale Kibera, na muuzaji wa mitumba Soko la Toi, akasema tuunde kamati ya harusi. Viongozi wa Kibera wangekuwa upande wa bibi harusi, wale wa Kawangware upande wa bwana harusi. Wangekutana nyumbani kwake Jumapili baada ya kanisa, wazungumzie mifereji iliyokauka, nyumba zilizobomolewa, na nani asimamishwe na upinzani kuwania urais.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya sayansi ya siasa. Nilidhani wataniomba hotuba. Shangazi alinitazama toka kichwani hadi miguuni, kama anavyokagua sweta kutoka kwenye bunda, akasema, "Huyu atafaa." Fundi wa redio, aliyeongoza vijana wa kwao, akafanywa bwana harusi kwa kuwa ndiye pekee asiyekuwa na mke wa kulalamika.

Kazi yangu ilikuwa kuketi nikiwa nimeinamisha uso. Siku moja nilianza kueleza mgawanyo wa madaraka, shangazi akanifinya. "Bibi harusi haongei." Nikabaki kuchungulia. Yule fundi alipozungumzia maji, mikono yake ilizungumza pamoja naye, na sikumbuki hoja hata moja. Namkumbuka akinifungulia soda kwanza kabla ya wazee. Je, alikuwa anaigiza? Nchi ilikuwa inawaka moto kwa ajili ya katiba, nami nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya soda.

Jumapili moja askari wa chifu aliingia bila kubisha. Wazee walikuwa wamefika pabaya, kila upande ukiapa kwamba mgombea wa upande wa pili hawezi kupigiwa kura hata na mama yake. Mzee wa Kawangware, fundi viatu aliyekuwa msemaji wao, akageuza maneno hapo hapo.

"Basi ng'ombe wanne, na hiyo ni heshima."

Shangazi alikasirika kwelikweli. "Wanne? Mzee, huyu amesomeshwa. Wanne ni wa mtu aliyeacha shule."

"Anajua kusonga ugali?"

"Ugali si hoja hapa."

Askari akavuta stuli, akaomba chai, akasema kwao msomi hatoki kwa ng'ombe wachache hivyo, ni kumtusi mzazi. Wazee wakamgeukia kama hakimu. Fundi viatu akalalamika kwamba Kibera inauza digrii, si msichana. Katikati ya kelele hizo bwana harusi akasema polepole, "Wazee, ongezeni."

"Ng'ombe wa nani, kijana? Wewe una redio mbovu tu."

"Ongezeni. Nitatafuta."

Askari akacheka hadi chai ikamwagika. Alipoondoka hakuna aliyetambua. Waliendelea na ng'ombe mpaka giza likaanza kuingia, na mgombea wa pamoja wa upinzani hakupatikana siku hiyo wala mwaka huo. Mimi nilijiambia kwamba kijana huyu ni mwigizaji hodari. Nilijiambia hivyo wiki nzima, nikitabasamu kila mahali kama mtu aliyepigwa na jua.

Kisha Bunge likabadilisha sheria. Kibali cha chifu hakikuhitajika tena. Viongozi walikutana uwanjani mchana kweupe, na shangazi akatangaza kwamba harusi imefanya kazi yake, akanishukuru kama mtu anayerudisha hema la kukodi. Bwana harusi alinipa mkono, akarudi Kawangware na wazee wake. Nilipiga vigelegele kuliko wote, halafu nikaenda nyuma ya vibanda nikalia kidogo, kwa staha inayomfaa mtu mwenye digrii.

Wiki iliyofuata simu ililia katika ofisi ya wachapishaji nilikokuwa nikisahihisha vitabu vya shule. Karani akanikabidhi akiwa ameinua nyusi.

"Sasa?" Ilikuwa sauti yake.

"Poa," nikasema, nikimpa karani mgongo.

Akaniambia yuko kwenye kibanda cha simu na foleni ni ndefu, kwa hiyo atasema haraka. Nikasikia mama mmoja nyuma yake akimwambia aseme ama atoke.

"Jumapili shangazi atakuwepo? Nakuja na wazee."

"Kuzungumzia maji?"

"Maji watayazungumzia uwanjani. Nakuja kwa sababu yako."

Nikamwambia shangazi atakuwepo. Sikuwa nimemuuliza. "Atakuwepo," nikarudia, na karani, ambaye alikuwa ameacha kupiga taipu kitambo, akanisogezea kiti.