Magodoro Mawili Juu ya Paa

Pale ofisi ya mipango walimwita Jicho la Mwewe, na jina lilikuwa limemvimbisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya nishati ya mji: anafungua picha zilizopigwa na droni, anapaka rangi paa moja baada ya jingine. Njano, panafaa kufungwa umeme wa jua. Kijivu, kivuli kimezidi. Buluu, hawa tayari wanao. Wenzake walipomwambia atoke akahakikishe kwa miguu, aliwacheka. "Nitembee nitafute nini, na mimi naona kila kitu nikiwa nimekaa?"

Orodha ya nyumba zitakazofungiwa umeme huo ilipobandikwa, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, fundi cherehani. Jenereta lake lilikohoa moshi mpaka gauni la bibi harusi likanuka petroli.

"Mkwe wangu, mtaa mzima umo isipokuwa mimi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama! Watakuwa wamekuruka tu."

"Basi waruke warudi nyuma. Orodha inafungwa Ijumaa, na wateja wananikimbia."

Akafungua ramani. Nyumba ya mkwewe ilikuwa buluu, na buluu hiyo kaipaka yeye. Akavuta picha karibu. Juu ya paa la zege kulikuwa na vitu viwili vyeusi vya pembe nne, vimelala sambamba kama paneli za jua. Akaikumbuka Jumamosi picha hiyo ilipopigwa. Walikuwa wamelala kwa mkwe, wanawe wakalowesha magodoro, na mkewe akamwamuru ayapandishe juani.

Kubadili rangi kulihitaji maelezo mbele ya kamati. Alhamisi akasimama, aibu imemjaa, picha ikiwa imetanda ukutani.

"Una hakika gani kwamba ni magodoro?" mkuu wa mipango akauliza.

"Niliyaanika mwenyewe, mkuu."

"Na hiki kinachong'aa pembeni? Si kioo cha paneli hiki?"

Mwewe akajipapasa utosi. "Hicho ni kipara changu, mkuu. Usingizi ulinipitia."

Nyani haoni kundule, lakini huyu hata kichwa chake hakukiona! Kamati ilicheka hadi machozi, kisha ikapitisha njano. Naye akakabidhiwa mapaa yote ya buluu, mia na arobaini, akayakague kwa miguu.

Cherehani ya mama mkwe ilipoanza kula umeme wa jua, kitu cha kwanza kushonwa kilikuwa kofia pana.

"Vaa, mkwe wangu," alisema. "Huko juu wasije wakakufunga nyaya."